Mtoto Anapofia Tumboni: Sababu Zake na Kinga Yake



Katika vijiji vya Mpuguso, na katika Rungwe nzima, mtoto akizaliwa habari huenea upesi. Majirani huja na ndizi, maziwa na kuni. Lakini zipo nyumba ambazo mama hurudi kutoka kujifungua akiwa mikono mitupu. Tumbo limeshuka, maziwa yanajaa kifuani, na mtoto hayupo. Majirani hawajui waseme nini. Wengine hunyamaza. Wengine hunong'ona.

Wanaonong'ona husema mambo yale yale. Husema mama amerogwa. Husema alitoka nje ya ndoa. Husema alikula chakula alichokatazwa. Maneno haya humuumiza mama, na hayamwokoi mtoto atakayefuata. Leo tutazame sababu zenyewe. Nyingi zinajulikana, na nyingi zina kinga.

Mtoto mfu ni yupi?

Mtoto anayezaliwa bila dalili yoyote ya uhai, baada ya mimba kutimiza wiki 28, waganga humwita mtoto mfu. Wiki 28 ni kama miezi 7. Mimba ikitoka mapema zaidi huitwa mimba kuharibika, na habari yake ni nyingine.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2021 watoto kama 1,900,000 walizaliwa wafu duniani. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Je, damu yetu ni mbaya? Hapana. Hapo zamani hata Ulaya mama wengi walizaa watoto wafu. Walipopata wakunga waliofundishwa, dawa, damu ya kuongezewa na upasuaji, vifo hivyo vikapungua sana. Tofauti iko kwenye huduma.

Tena, katika kila watoto wafu 10, zaidi ya 4 walikuwa hai wakati uchungu ulipoanza. Hebu fikiri. Mtoto ameishi miezi 9 tumboni, amekula, amekua, amecheza. Kisha anakufa katika saa chache za mwisho.

Mkunga akimpokea mtoto mfu huangalia ngozi yake. Ikiwa ngozi imebambuka, mara nyingi mtoto alikufa kabla ya uchungu. Hapo mkunga hufikiria magonjwa ya wakati wa mimba. Ikiwa ngozi ni nzima, kama ya mtoto aliyelala, mara nyingi mtoto amekufa wakati wa uchungu au karibu na hapo. Basi sababu ziko katika mafungu mawili: yanayotokea kabla ya uchungu, na yanayotokea wakati wa uchungu.

Kaswende, adui asiyepiga kelele

Tuanze na kaswende, ambayo wengine huiita sekeneko. Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu watu wengi hawajui kuwa ugonjwa huu unaua watoto tumboni.

Kaswende huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanzoni huleta kidonda ambacho mara nyingi hakiumi. Kwa mwanamke kidonda hicho chaweza kuwa ndani, asikione. Baada ya wiki chache hupona chenyewe. Mtu hufikiri amepona. Kumbe vijidudu vimeingia katika damu na vinaweza kukaa humo miaka. Mama akipata mimba, vijidudu hupita kwenye kondo la nyuma na kumwingia mtoto.

Ushahidi tunao hapa hapa Tanzania. Mkoani Mwanza wataalamu walifuatilia mama wajawazito, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walikuta mama 73 wenye kaswende kali ambayo haijatibiwa. Kati ya hao 73, mama 18 walizaa watoto wafu. Yaani mama 1 katika kila 4. Tena wataalamu walipiga hesabu kwa mama wote ambao hawakupimwa. Wakaona kuwa karibu nusu ya watoto wafu wa mama hao, 51 katika kila 100, walikufa kwa sababu ya kaswende.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mama waliopimwa, wakakutwa na kaswende, walichomwa sindano moja ya penisilini. Watoto wao walizaliwa salama sawa na watoto wa mama wasio na ugonjwa. Sindano moja tu! Penisilini ni dawa ya zamani na bei yake si kubwa.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka baada ya dakika chache. Kipimo hiki hufanywa pamoja na cha virusi vya ukimwi. Mama ahudhurie kliniki mapema, mara tu anapojua ana mimba, wala asingoje tumbo lionekane. Kaswende ikitibiwa mwezi wa 8, huenda mtoto amekwisha kudhurika.

Na baba aende pia. Mama akitibiwa peke yake, akirudi nyumbani ataambukizwa tena. Wapo waume wanaosema, "Mimi siumwi." Tumekwisha kuona kuwa mwenye kaswende anaweza asiumwe. Na mama akikutwa na ugonjwa, baba asikimbilie kuuliza nani ameuleta. Kipimo hakisemi hivyo. Watibiwe wote wawili.

Malaria na upungufu wa damu

Rungwe ni nchi ya baridi na mvua nyingi. Kwa hiyo wengine hudhani malaria ni ya watu wa Kyela, kule bondeni kwenye joto karibu na Ziwa Nyasa. Hilo ni kosa la hatari. Mbu wapo huku pia, ingawa ni wachache. Tena watu wetu huteremka Kyela kila mara, kwa biashara, kwa mpunga, kwa misiba. Mtu aliyezoea kuumwa malaria mara kwa mara mwili wake hujifunza kupigana nayo kidogo. Mtu wa mlimani hajajifunza. Mama mjamzito wa huku akiumwa na mbu wa kule, malaria humshika vibaya.

Vijidudu vya malaria hupenda kujificha kwenye kondo la nyuma. Kondo hilo ndilo jiko na dirisha la mtoto: chakula chake na hewa yake hupita humo. Vijidudu vikijaa, njia huziba. Mtoto hukonda, na anaweza kufa, huku mama hana hata homa. Ndiyo sababu mama mzima asiyeumwa hupewa vidonge vya SP kliniki, kuanzia mimba ikipita miezi 3, kisha vingine baada ya kila mwezi. Muuguzi anajua nani apewe na nani asipewe. Vidonge hivyo humezwa pale pale kliniki. Si vya kwenda kumgawia mtoto mwenye homa nyumbani. Na kila usiku mama alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akisafiri kwenda Kyela achukue chandarua chake.

Malaria hupunguza damu. Safura nayo hupunguza damu, kwa sababu minyoo yake hunyonya utumboni. Minyoo hiyo huingia kwa kupenya ngozi ya mguu, hasa penye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na baadaye kuchimba vyoo. Vyoo vile vilimkinga mama mjamzito pia, ingawa huenda wachimbaji hawakumfikiria.

Mama mwenye damu pungufu huchoka upesi, hupumua kwa shida akipanda mlima, na viganja vyake huwa vyeupe. Akitokwa na damu kidogo tu wakati wa kuzaa, yeye na mtoto wako hatarini. Ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku. Vikifanya choo kiwe cheusi asiogope, ndivyo vilivyo. Ale maharage, mboga za majani, dagaa, mayai na nyama ikipatikana. Mayai hayamdhuru mtoto wala hayamfanyi mama azae kwa shida. Katazo hilo linawanyima mama chakula kizuri ambacho kuku wao wenyewe wanataga. Vidonge asimeze pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia dawa hiyo kufanya kazi vizuri. Hapa kwetu tunalima chai, na tunaijua kwa utamu wake tu.

Presha ya mimba

Mama mwingine damu yake inatosha, lakini presha yake hupanda mimba inapokuwa kubwa. Mishipa ya kondo hubana, na mtoto hukosa hewa. Presha ikizidi, mama huanguka na kutetemeka. Hiki ndicho kifafa cha mimba. Wako wanaokiita mapepo na kumpeleka mama kwa mganga wa kienyeji. Saa zinapita, na wote wawili wanaweza kufa.

Kabla ya kuanguka mwili hutoa onyo. Kichwa huuma sana wala hakitulii. Macho huona ukungu au nyota nyota. Uso na mikono huvimba. Maumivu hukaza pale chembe ya moyo. Mama akiona mojawapo ya dalili hizi aende zahanati siku hiyo hiyo. Kliniki hupima presha na mkojo kwa ajili hii, kwa hiyo asiudharau mkanda ule wanaomfunga mkononi.

Mtoto akiacha kucheza

Kuna usemi kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa huacha kucheza, anapumzika akingoja siku yake. Si kweli. Mtoto mzima hucheza mpaka siku ya kuzaliwa. Kuanzia mwezi wa 7 mama amsikilize kila siku. Ikiwa mtoto hachezi, au amepunguza sana, mama asingoje kesho. Aende akapimwe mapigo ya moyo wa mtoto. Mara nyingine mtoto ambaye angekufa ameokolewa kwa sababu mama alisema mapema, "Leo simsikii."

Damu ikitoka, hata kidogo, hata bila maumivu, ni hatari. Huenda kondo limekaa mlangoni au limebanduka kabla ya wakati. Chupa ikipasuka na maji kutoka kabla ya uchungu, aende pia. Mimba ikipitiliza siku zake, aende. Na katika miezi 3 ya mwisho, anapolala, alale kwa ubavu. Akilala chali, uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, na mtoto hupata damu kidogo.

Saa za uchungu

Sasa tufike kwenye saa zile ambazo watoto wengi hufa.

Uchungu unapokaza, mji wa mimba hujikunja kwa nguvu na kubana mishipa inayopeleka damu kwa mtoto. Kwa muda mfupi mtoto hapati hewa mpya. Ni kama mtu aliyezamishwa kichwa majini. Uchungu ukilegea, anaibuka na kuvuta pumzi. Kisha anazamishwa tena. Mtoto mwenye nguvu huvumilia. Lakini uchungu ukiendelea usiku, mchana na usiku tena, hata mtoto mwenye nguvu huchoka.

Kwa nini uchungu uchelewe? Pengine nyonga ya mama ni nyembamba, kama ya msichana ambaye mwili wake bado unakua. Pengine mtoto amelala mkingamo, au ametanguliza matako. Pengine ni mapacha. Wakati mwingine kitovu hutangulia kutoka na kubanwa, na hapo zinabaki dakika tu. Nyumbani hakuna mtu awezaye kuyatengeneza mambo haya. Hospitali mkunga husikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara na kuandika katika karatasi jinsi uchungu unavyokwenda. Mstari ukienda kombo anamwita daktari, na mama anaweza kupasuliwa mtoto akiwa hai.

Hapa lazima tuseme juu ya dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Bibi zetu walizitumia, na hatuwatukani. Lakini baadhi ya dawa hizo hukaza mji wa mimba bila kuulegeza. Mtoto anazamishwa majini na haachwi aibuke. Mji wa mimba wenyewe unaweza kupasuka. Hospitali nao wana dawa ya kuongeza uchungu, lakini wanaipima tone kwa tone huku wakisikiliza moyo wa mtoto. Kikombe cha majani hakipimwi. Ikiwa mama amekwisha kunywa, amwambie mkunga bila kuficha. Atalaumiwa? Huenda. Lakini aseme.

Amekufa, au hajapumua?

Jambo moja limewashangaza hata wakunga wazoefu. Mtoto huzaliwa amelegea, hapumui, halii. Zamani wengi walimfunika kitambaa na kumwita mfu. Kumbe baadhi yao moyo ulikuwa bado unapiga.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika katika hospitali 8 za Tanzania, mmoja wa viongozi wake akiwa Dk. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya. Wakunga walifundishwa kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na asipopumua, kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago kidogo kabla dakika 1 haijapita tangu azaliwe. Baada ya mafunzo hayo, watoto waliohesabiwa kuwa wamekufa wakati wa uchungu walipungua kwa karibu robo. Vifo vya wachanga waliozaliwa hai, vile vya siku ya kwanza, navyo vilipungua karibu nusu. Mfuko ule hauhitaji umeme. Unahitaji mtu aliyefundishwa, aliye pale katika dakika ile. Mama akizaa shambani au njiani, hayupo.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Kila mama anaweza kupatwa. Lakini msichana aliye chini ya miaka 18, mama aliyepita miaka 35, aliyezaa mara 5 au zaidi, na yule anayebeba mimba kabla mtoto wa kwanza hajatimiza miaka 2, hao waangaliwe zaidi. Vivyo hivyo mama mwenye kisukari, mwenye virusi vya ukimwi ambaye hatumii dawa, anayekunywa pombe au kuvuta tumbaku, na aliyewahi kupasuliwa. Hawa wasipange kuzaa nyumbani hata kidogo.

Safari ya usiku

Uchungu haupendi mchana. Huja usiku, mvua inanyesha, njia ya migombani inateleza. Kutoka Mpuguso kwenda hospitali ya wilaya ya Makandana, Tukuyu, si mbali kwa mtu mzima anayetembea mchana. Kwa mama mwenye uchungu ni mbali sana. Na tatizo likiwa kubwa, anaweza kupelekwa Mbeya kwenye hospitali ya wazazi ya Meta, kilometa kama 70 kutoka Tukuyu.

Kwa hiyo safari ipangwe kabla. Baba aweke akiba kidogo kidogo kutoka kwenye chai au ndizi. Huduma ya mama mjamzito katika vituo vya serikali, kwa sera, hailipiwi, lakini nauli, kanga na chakula vinahitaji fedha. Aelewane mapema na mwenye gari au bajaji. Pikipiki ni ya shida kwa mama mwenye uchungu, ingawa ikikosekana nyingine ni bora kuliko kukaa. Upo pia mpango wa m-mama wa kusafirisha mama wenye dharura. Simu yake ni 115, na haikatwi fedha.

Na nani atatoa ruhusa? Swali hili limeua watoto. Mume yuko safarini, mama mkwe anasema tungoje kidogo, na mila yetu ya Kinyakyusa ilimtaka mke ajitenge na baba mkwe wake, asimsogelee wala kuzungumza naye. Heshima ni jambo jema. Lakini mume, kabla ya kusafiri, amwambie wazi mkewe na wazee: uchungu ukianza, au damu ikitoka, msiningoje, nendeni.

Baada ya msiba

Mama aliyezaa mtoto mfu ana uchungu wa kufiwa kama mama mwingine yeyote. Akitaka kumwona mtoto wake, aonyeshwe. Akitaka kumpa jina, ampe. Kumwambia "nyamaza, utapata mwingine" hakumtulizi. Maziwa yakijaa na kuuma, avae nguo inayobana vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, na akiona homa aende zahanati. Mwili wake umezaa, kwa hiyo unahitaji chakula na mapumziko ya mzazi, wala asirudishwe shambani wiki hiyo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kabla ya kuondoka hospitali yeye na mumewe waulize: mtoto alikufa kwa nini? Wana haki ya kuuliza. Si kila mara jibu litapatikana, lakini likipatikana liandikwe. Wapumzike kabla ya mimba nyingine. Muuguzi atawaeleza njia za uzazi wa mpango.

Na mimba nyingine ikija, mama aende kliniki mwezi wa kwanza au wa pili. Wengi huona aibu, au huogopa kukumbusha balaa, wakamtaja muuguzi watoto walio hai peke yao. Hapo muuguzi humwandikia kadi ya mama asiye na hatari. Muuguzi akiuliza, "Umezaa mara ngapi?" mama awahesabu wote, na yule aliyekufa pia.